Ziwa Limefungwa, Sebuleni Kuna Samaki

Jumatano, 15 Mei 2024

Ziwa limefungwa. Redio imerudia asubuhi: upande wetu wote wa Ziwa Tanganyika hakuna kuvua mpaka 15 Agosti, samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mzee aliisikiliza taarifa amesimama, kikombe mkononi, kisha akageuka kulitazama tangi kubwa la sebuleni. "Basi mkoa mzima wenye samaki ni sisi." Akacheka peke yake.

Sokoni fungu la dagaa lilianza kupungua tangu wiki jana, bei ikapanda. Mdogo wangu wa Kasanga amepiga simu jioni. Nyavu zimekunjwa, vijana wamekaa kwenye bao. Yeye hapingi ziwa kufungwa. Anasema migebuka imekuwa midogo na safari nyingine za usiku hazirudishi hata pesa ya mafuta. Kinachomuuma ni kwamba amri imekuja na tarehe, haikuja na unga. Nimemtumia kidogo kwa simu.

Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Baada ya misa majirani wawili walipita kunisalimia, mmoja akasimama mbele ya tangi muda mrefu. "Mwalimu, hawa hawakui?" Nikamwambia wameshakua, hawa ni watu wazima, urefu wao ni wa kidole tu. "Na ladha yao?" Sijui. Nimezeeka nao na ladha yao siijui, na kila nikijibu hivyo naona watu wananihurumia.

Hata utotoni hatukuijua. Kwetu Kasanga kuna sehemu mawe makubwa yanashuka moja kwa moja majini. Wanaume walivua usiku kwa taa, mbali, wakitafuta dagaa na migebuka. Hawa wa karibu hakuna aliyehangaika nao. Tuliwaita samaki wa mawe, basi. Nilikuwa nalala kifudifudi juu ya jiwe, uso karibu na maji, nikiwaangalia. Kila mmoja ana jiwe lake na mpaka wake. Anakwangua mwani kwa mdomo, akija jirani anamkimbiza, anarudi kukwangua. Mama alinikemea kwa sababu ya fira wa maji, ambaye naye hukaa kwenye mawe hayo hayo na chakula chake ni samaki. Nilimwona zaidi ya mara moja. Hakuwa na habari na mimi.

Kisha nikaolewa huku juu. Siku hizi Kasanga mpaka Sumbawanga ni lami, lakini kupanda ni kule kule: ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, mji huu karibu 1,800. Kwanza yanaziba masikio, halafu inakuja baridi, halafu mazungumzo yanabadilika, maana Ufipa watu huongea ng'ombe, matuta na mahindi. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, kwa hiyo tangi langu la kwanza, mwaka 1984, nililitetea kama zana ya kufundishia. Vioo vya dirisha, fremu ya chuma niliyochomewa na fundi wa vitanda, puti kwenye viungo. Lilivuja kila kona. Silikoni ilipoanza kuonekana madukani ndipo nikaacha kuishi na ndoo chini ya meza.

Jumamosi, 1 Juni

Wajukuu wamefika kwa likizo. Kabla hata ya kula, yule wa darasa la tano ameniomba kasuku. Kuna mtu kamwona stendi ana kasuku wa kijivu ndani ya kikapu, mkia mwekundu, kavuka naye ziwa kutoka Kongo, na ndege anajua kupiga mluzi. Nimemwambia hapana. Akauliza kwa nini bibi anafuga na yeye asifuge. Swali ni halali, nikamjibu kwa urefu kuliko alivyotaka.

Nyumba hii imepitiwa na viumbe wengi. Kalunguyeye aliyekaa jikoni msimu mzima wa mvua akila mende, mgeni pekee ambaye mama mkwe hakumlalamikia. Kobe wa uani, ambaye watoto wangu walimpanda mpaka wakawa wakubwa mno. Kinyonga kwenye mpera, wa somo la kidato cha pili. Huyo ndiye aliyenigharimu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikataa kuingia uani mpaka aondoke, na shemeji zangu wakaanza kusema mwanamke wa ziwani kaja na mambo yake. Mji wenyewe una sifa yake ya uchawi tayari, sikuwa na haja ya kuiongezea. Kinyonga nikamrudisha porini njia ya Mbizi, somo likamalizikia ubaoni.

Enzi zile hakuna aliyekuuliza kibali cha kobe. Leo mnyamapori ni mali ya umma, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi: kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, awe mzuri namna gani. Na kasuku wa kijivu biashara yake ya kimataifa, kwa wale wanaonaswa porini, ilifungwa duniani kote mwaka 2017, kwa sababu misitu ya Kongo na Afrika Magharibi ilikuwa ikimwagwa ndani ya vikapu kama kile alichokiona mtoto stendi. Nikamkumbusha pia habari ya tumbili 61 waliozuiwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mwaka 2016 wakiwa tayari kupakiwa, ndipo usafirishaji wa wanyamapori hai ukapigwa marufuku. Mwaka 2022 ikatangazwa ruhusa ya miezi sita ili wafanyabiashara wamalize waliokuwa nao mabandani, waziri akaisitisha kabla haijaanza kufanya kazi.

"Na samaki si wanyamapori?" Kijana huyu atakuwa wakili. Samaki wana sheria yao, nikamwambia, ya uvuvi, na anayewakusanya kwa biashara hukata leseni. Mimi siuzi. Hawa wangu ni vizazi vya wale mjomba wake alioniletea zamani ndani ya dumu. Wamezaliwa hapa hapa Sumbawanga na ziwa hawalijui.

Lakini sababu yangu hasa si sheria, na hiyo sikumwambia. Jirani yetu wa zamani alikuwa na tumbili aliyefungwa kamba kiunoni kwenye nguzo ya kibanda. Watoto walimpenda. Alikuwa akizunguka nguzo mpaka kamba inaisha, anazunguka kurudi upande wa pili. Miaka. Samaki wa mawe ukimpa mawe ya kutosha anaendelea na ugomvi wake wa siku zote, huoni kwamba kuna alichokikosa. Huenda najidanganya, lakini tofauti naiona kila nikipita sebuleni.

Jumanne, 11 Juni

Umeme ulikatika saa nne usiku. Wetu unatoka Zambia, wakikosa wao tunakosa sisi, na Juni huku juu haina huruma. Maji ya Tanganyika hayashuki chini ya nyuzi 24 hivi, mwaka mzima, na samaki hawa hawajui baridi ni nini. Sebule yangu alfajiri ya Juni ni jokofu.

Nilikuwa nimejifunika nikisikiliza kama pampu ya hewa ya betri inanguruma. Mzee akaamka. Hakusema kitu. Nikasikia jiko la mkaa linapepewa uani, kisha sufuria, kisha chupa za soda zikigongana. Anajaza maji ya moto, anafunga kizibo, anaziacha zielee juu ya maji, moja kila tangi dogo, tatu kwenye kubwa; zikipoa anabadilisha. Mablanketi mawili ya wageni yamevikwa kwenye vioo. Huyu ndiye anayewaambia watu kwenye vilabu kwamba mke wake amefuga ng'ombe wasiotoa maziwa wala samadi.

Saa kumi nilimpelekea koti. Kipimajoto kilisema 22. "Wanapumua," akasema. Na kwenye maji nikaona punje nyeupe zinaelea. Ugali. Nimemweleza mara zisizohesabika kwamba hawa ni wala mwani, tumbo lao refu, ukiwapa wanga au nyama wanavimba na kufa. Chakula chao hapa ni mchicha uliochemshwa na njegere zilizomenywa. Anasema walimwangalia kwa njaa.

Alhamisi, 27 Juni

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa yuko Ujerumani kwa masomo, amenitumia picha kutoka duka la samaki. Tangi safi, taa nzuri kuliko ya kanisa letu, na kwenye kioo kibandiko: Tropheus, halafu neno Kasanga. Ameandika, "Mwalimu, hawa si wako?"

Ni wangu. Wekundu ule naujua.

Nimekaa na picha hiyo mchana mzima. Tropheus moorii alipewa jina na Boulenger wa London mwaka 1898, kwa heshima ya Moore, Mwingereza aliyefika kusini mwa ziwa mwaka 1896 kukusanya viumbe. Baadaye, miaka ya 1970, Pierre Brichard akiwa Bujumbura akawa anawapakia kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni na kuwapeleka Ulaya na Marekani kwa ndege. Wafugaji wa huko hawakutosheka na jina la Kilatini. Wakataka kijiji. Na wana haki, kwa sababu samaki huyu havuki mchanga wala kilindi. Anazaliwa kwenye mawe yake na kufia hapo, basi kila ukanda wa mawe umejitengenezea rangi yake. Rangi zinazojulikana zimepita 100. Ndiyo maana watu ambao hawataiona Rukwa maishani mwao wanajua kutamka Kasanga, Kipili, Samazi, na wanagombana kabisa ukichanganya wa kijiji kimoja na kingine ndani ya tangi, maana watazaliana na rangi itapotea.

Wajerumani walipojenga boma lao Kasanga waliliita Bismarckburg. Kijiji kilipewa jina la mkubwa wao. Sasa wananunua samaki kwa jina la kijiji. Nilimsomea Mzee, akasema bado wanatudai boma.

Kuna jambo linanisumbua kidogo katika picha hii, nitaliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Sumbawanga nzima sijawahi kupata mtu wa kuzungumza naye mambo haya. Ugumu wa maji, kwa mfano. Ziwa lina chumvichumvi zake, pH yake inakaribia 9. Maji ya mvua ya simtanki ni laini mno, lazima niyatie bekingi soda na chumvi ya haluli kwa kipimo, na siku za mwanzo muuza duka la dawa alidhani nyumbani tuna ugonjwa wa tumbo. Ningekuwa Hamburg ningekuwa na chama, na mikutano, na watu wa kubadilishana nao vifaranga. Huku mwenye kuyajua ni mimi, saa chache kwa basi kutoka kwenye mawe yenyewe.

Ijumaa, 12 Julai

Jike la upande wa kulia ana mayai mdomoni. Koo limejaa, anatafuna hewa. Tropheus hutaga mayai machache, pengine hata kumi hayafiki, lakini makubwa ajabu kwa mwili ule, na mama huyabeba mdomoni karibu mwezi. Watoto wakishaanguliwa wanaendelea kukaa humo. Watafiti wamewaona wakikwangua mwani huku wamebeba, chakula kikienda kwa watoto waliomo mdomoni. Wajukuu hawakuamini mpaka nilipowakalisha sakafuni na tochi wakaona jicho dogo linachungulia.

Kwenye tangi la makombe hakuna jipya. Wale wa makombe ya konokono ni wadogo zaidi, kila mmoja na kombe lake, akiogopa anaingia ndani mzima mzima. Wamechimba mchanga usiku kucha, kama kawaida, na kuhamishia kona wasiyotaka wao, ambayo ndiyo niliyoitaka mimi.

Jumapili, 21 Julai

Kikao cha familia. Sikujua ni kikao mpaka nilipoona kijana wangu mkubwa kavaa shati la kwendea mjini.

Magoti yangu ndiyo ajenda. Kweli kubeba ndoo kumenishinda, wiki mbili zilizopita nilikaa chini katikati ya kubadilisha maji na sikuweza kunyanyuka mpaka Mzee aliporudi shambani. Binti yangu wa Mbeya kajifungua karibuni, anataka niende nikae naye, na wote wanaona huo ndio wakati wa kumaliza mambo ya matangi. Kijana mkubwa alikuwa amejiandaa na hoja: umeme, maji, mablanketi ya wageni. Akasema kwa adabu, lakini alisema, kwamba utoto wao wote waliambiwa wasikimbie sebuleni. Hilo lilinigusa. Kitinda mimba akapendekeza tuwarudishe ziwani.

Hapo nikajibu. Samaki waliozaliwa kwenye matangi vizazi vyote hivi hawarudishwi ziwani. Wanaweza kwenda na ugonjwa ambao mawe ya Kasanga hayajawahi kuuona. Na ziwa lile lina zaidi ya aina 200 za jamii yao, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Siendi kulifanyia majaribio kwa ajili ya magoti yangu.

Kimya kikaingia. Mzee alikuwa akitazama viatu vyake. Ndipo mke wa kitinda mimba, ambaye tangu aolewe hapa sijamsikia akitaja samaki hata kwa bahati mbaya, akauliza: "Mama, yule jike ameshatema?" Nikamuuliza jike lipi. "Wa kulia. Jana jioni aliacha kula kabisa, nikadhani amekaribia."

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, nadhani. Huyu binti ndiye anayedeki sebule kila asubuhi. Ameanza kunitajia kwa utaratibu: dume mwenye pezi lililochanika sasa anatawala jiwe la katikati, yule mdogo wa juu karibu na hita anaonewa na atafutiwe pa kujificha, chujio la nyuma linatoa sauti tofauti tangu Alhamisi. Yote ni kweli. Hilo la chujio mimi sikulisikia.

Kijana mkubwa akafunga kikao kwa kusema tutaendelea kulifikiria. Haya.

Alhamisi, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria, na ziwa limefunguliwa. Padre alilitaja kwenye maombi, kanisa likaguna kwa furaha. Mdogo wangu alipiga simu usiku kutoka mtumbwini, kelele za injini na vijana wakiimba. Anasema taa zimejaa ziwani mpaka huoni nyota. Kuhusu samaki kama wameongezeka, nimuulize baada ya mwezi, si usiku wa kwanza ambapo kila mtu ni mkweli kwa nyavu za mwenzake.

Vifaranga sita wametemwa wiki hii. Mke wa kitinda mimba amewatengea kona ya mawe madogo bila kuniuliza, na ni pale ambapo ningewaweka mimi.

Jumatatu, 26 Agosti

Keshokutwa naenda Mbeya kwa binti yangu, nitakaa mpaka mtoto akae sawa. Fundi wa vioo alikuja jana kupima meza mpya, ya chini, ili ndoo isinyanyuliwe juu ya kiuno. Mzee ndiye aliyemwita. Wamebishana bei nusu saa, na nimesikia kwa masikio yangu Mzee akimwambia aongeze nafasi ya tangi la nne, la vifaranga, maana hawawezi kukaa na watu wazima.

Maagizo nimeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Nayanakili hapa ili yasipotee.

Mwanangu: maji badilisha robo, Jumamosi, usizidishe. Yakae kwenye pipa siku nzima kwanza kabla ya kuyatumia. Vipimo vya bekingi soda na haluli viko ndani ya kopo la kahawa, na kijiko chake. Kijiko kisitumike kwa chai. Mchicha uchemke, usitiwe chumvi. Wakiomba usiwaamini, wanaomba saa zote. Mwenye pezi lililochanika akianza kumpiga mdogo, hamisha mawe yote, wataanza upya kugombea mipaka na watamsahau. Sponji ioshwe kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Umeme ukikatika usiku usihangaike, baba ataamka. Akiamka, msaidie mkaa. Lakini ukimwona anakaribia matangi na mkono umefumbwa, mwambie aufumbue kwanza, na kama ni ugali, umpe mbwa.